Ukiona Msaada Unaibwa: Jinsi ya Kuandika Malalamiko Yasiyoishia Kwenye Droo

Kwa miaka minne nilikuwa karani wa mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya. Shirika lililoniajiri sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani, kukagua kadi, na kuona kila familia imepata kipimo chake cha mahindi, dengu na mafuta. Mahindi tulipima kwa mkebe. Siku moja mama mmoja mwenye watoto sita alirudi na mfuko wake akaniambia, "Mwanangu, huu mkebe wenu umekonda."

Niliuchukua nikatia mkono ndani. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikabonyea kuelekea juu, kina cha vidole viwili. Kwa nje huoni kitu, maana ukingo wa chini unaficha. Familia moja hupoteza viganja vichache tu vya mahindi. Familia zote za mgao mzima hupoteza magunia, na magunia hayo yalikuwa yanauzwa sokoni mchana kweupe.

Jioni ile ile nikaandika barua kwa meneja wangu. Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, mtunza stoo alikuwa ananisomea maneno yangu mwenyewe. Mkebe ukatoweka, ukaletwa mzima. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Nilikuwa na ukweli lakini sikuwa na ushahidi, na mlango niliobisha ulikuwa wa mtuhumiwa. Ninayoandika hapa nilijifunza baadaye, nilipoandika mara ya pili.

Anza na daftari, barua itafuata. Nunua daftari dogo la mkononi, la kwako, lisiwe la ofisi. Kila siku andika tarehe, saa, namba ya lori, idadi ya magunia iliyo kwenye hati ya mzigo, na idadi uliyohesabu mwenyewe. Andika siku hiyo hiyo. Mchunguzi akiona kurasa za miezi miwili, wino tofauti, siku nyingine hakuna kasoro na umeandika "leo sawa", atakuamini kuliko mtu aliyekaa siku moja akakumbuka yote. Hizo siku za "leo sawa" usiziruke. Zinaonyesha hukuwa unawinda mtu.

Pima. Neno "wanaiba sana" halina uzito wowote mezani. Sentensi yenye uzito ni kama hii: "Lori lilishusha magunia 300. Nilipima magunia 10 kwenye mizani ya stoo. Saba yalikuwa na kilo 46 au 47 badala ya 50." Kisha tenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia. Mimi nilipiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto "nimeona", kulia "nimeambiwa". Ya kulia pia yana kazi, kwa sababu yanampa mchunguzi majina ya watu wa kuwahoji. Ila ukiyachanganya na ya kushoto, uvumi mmoja ukivunjwa barua nzima inaanguka nao.

Picha piga za vitu: mkebe, mizani, gunia. Nyuso za wanaopokea chakula usizipige, hata kwa nia njema. Wala usitume chochote kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, wala usiandike kwa kompyuta ya kazini.

Sasa barua iende wapi? Fulana za wafanyakazi zisikupoteze. Fuata pesa. Anayegawa mara nyingi ni shirika lililopewa kandarasi tu; mwenye mali jina lake liko kwenye gunia au kwenye kibao cha mradi, na ndiye mwenye wachunguzi wasiokula sahani moja na meneja wako. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ina ofisi yake ya Inspekta Jenerali, na UNHCR, shirika la wakimbizi, vivyo hivyo. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ina OIOS, ofisi yake ya ukaguzi wa ndani, iliyoundwa mwaka 1994. Pesa za Umoja wa Ulaya huchunguzwa na OLAF, ofisi yake ya kupambana na udanganyifu. Ofisi hizi zina kurasa za kupokea taarifa kwenye tovuti zao, na unaweza kuandika bila jina.

Kwa Benki ya Dunia angalia vizuri, maana watu wengi hukosea mlango. Hongo kwenye zabuni hupelekwa kitengo cha uadilifu, INT, chenye uwezo wa kufanya kampuni ifungiwe kupata kazi za benki. Tangu makubaliano ya mwaka 2010, kampuni ikifungiwa na benki moja kubwa ya maendeleo kwa zaidi ya mwaka, kwa kawaida wenzake nao huifungia. Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, la mwaka 1993, ni kitu kingine: linasikiliza watu wawili au zaidi walioumizwa na mradi, tuseme wamehamishwa bila fidia.

Utaambiwa pia usijisumbue, watu wa Umoja wa Mataifa wana kinga ya kutoshtakiwa. Kinga ipo, kwa Mkataba wa mwaka 1946, lakini mkataba huo huo unampa Katibu Mkuu haki na wajibu wa kuiondoa pale inapozuia haki kutendeka. Mwaka 2001, wakimbizi walipokuwa wakiuziwa nafasi za kuhamia ng'ambo pale Nairobi, waliokamatwa ni pamoja na wafanyakazi wa UNHCR.

Usalama wako ufikirie kabla hujatuma. Baada ya aibu ya mpango wa Mafuta kwa Chakula, ambapo Iraki iliuza mafuta chini ya Umoja wa Mataifa ili inunue chakula, na kamati ya uchunguzi ya Paul Volcker ilieleza mwaka 2005 kwamba kampuni zaidi ya 2,200 zilihusika na malipo haramu, Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za kulinda wafichuzi na ofisi ya maadili. Kanuni hizo zinawahusu watu wa Umoja wa Mataifa wenyewe. Karani wa shirika mshirika, kama nilivyokuwa mimi, hazimfikii. Na hata wao hawana uhakika: James Wasserstrom, mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa, alifichua tuhuma za ufisadi Kosovo, akashinda kesi mwaka 2012, akapewa fidia, kisha rufaa ikaifuta mwaka 2014. Kwa hiyo tazama sheria ya nchi uliyopo. Tanzania ina sheria ya kulinda watoa taarifa ya mwaka 2015, Uganda ya mwaka 2010. Kenya inabidi ushike Sheria ya Hongo ya mwaka 2016. Kama unaogopa, andika bila jina, lakini fungua barua pepe mpya ya kazi hiyo pekee na uifungue kila wiki. Barua isiyo na jina na isiyojibu maswali hufa haraka.

Jambo hili naliomba kwa moyo wote: mwishoni mwa barua sema unachotaka kifanyike. Mwaka 2023 ilipogundulika kwamba chakula cha msaada Ethiopia kinaibwa, WFP na Marekani walisimamisha mgao, kwanza jimbo la Tigray, kisha nchi nzima. Aliyelala njaa si mwizi. Mimi niliandika hivi: "Naomba mgao usisimame. Badilisheni mikebe yote kwa siku moja, wekeni mizani mbele ya dirisha ambapo mpokeaji anaisoma mwenyewe, na mhamishe funguo za stoo wakati wa uchunguzi." Maombi ya namna hiyo yanatekelezeka kabla hata uchunguzi haujaisha.

Ukituma, utapewa namba ya kumbukumbu. Iandike kwenye jalada la daftari. Miezi miwili ikipita kimya, andika tena mistari mitatu, ukitaja namba hiyo na jambo jipya moja uliloliona. Usiandike kwa hasira. Wakikujibu kwamba ushahidi hautoshi, waulize ni sehemu ipi haikutosha, kisha peleka faili lile lile kwa mfadhili aliye juu yao. Kwangu ilichukua miezi kumi na moja mpaka wachunguzi wawili wakanipigia. Swali la kwanza lilikuwa kama bado ninalo daftari. Lilikuwa kwa dada yangu Kitale, ndani ya sanduku la nguo, na asubuhi iliyofuata nilipanda matatu kwenda kulichukua.