Bima ya Afya kwa Anayekaribia Kustaafu: Mambo ya Kukamilisha Ukiwa Bado Kazini

Watumishi wengi wanaokaribia miaka 55 ya kustaafu kwa hiari, au 60 ya kustaafu kwa lazima, hufuatilia kikokotoo cha mafao yao kwa makini sana, ilhali suala la matibabu huliacha mpaka siku wanapofika dirishani hospitali wakiwa wagonjwa. Shinikizo la damu na kisukari huhitaji dawa kila mwezi, na fedha za mkupuo unazolipwa ukistaafu hazikukusudiwa kuishia duka la dawa. Ninashauri kazi hii ianze angalau mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kustaafu.

Anza kwa kujua bima yako ya sasa inatoka wapi. Ikiwa mshahara wako hukatwa asilimia 3 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, wewe ni mwanachama mchangiaji wa mfuko ulioanza kazi mwaka 2001. Mwanachama huyo akistaafu akiwa ametimiza masharti ya uchangiaji, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Ni haki kubwa mno, na inasikitisha kuona ikicheleweshwa na karatasi zisizolingana.

Kwa hiyo, omba taarifa ya michango yako, uilinganishe na hati zako za mshahara, hasa kwa vipindi ulivyohama kituo au mwajiri, kwa sababu hapo ndipo miezi hupotea. Kisha panga mezani barua ya ajira, kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha ndoa na kadi ya bima, usome jina herufi kwa herufi. Mwanamke aliyeajiriwa kwa jina la baba yake, kisha akaandikishwa NIDA kwa jina la mumewe, anapaswa kushughulikia tofauti hiyo mapema kwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Na waliofunga ndoa ya kimila waulize ni uthibitisho gani unaokubalika kwa mwenza asiye na cheti. Makao makuu ya NHIF na ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yako hapa Dodoma, na afisa utumishi wako bado yuko karibu. Ukishahamia kijijini Kondoa au Mpwapwa, kila sahihi itakugharimu nauli.

Jambo linalowashtua wengi ni wategemezi. Ukiwa kazini, kadi yako huhudumia wewe, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne; ukistaafu, bima hubaki ya wawili. Mtoto aliye bado shuleni na mama yako mzazi wanahitaji mpango wao. Njia iliyozoeleka mikoani imekuwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao tangu mwaka 2018 kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa kama Dodoma na Singida ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadili mpangilio wa skimu hizi, hivyo thibitisha kiwango na huduma kabla ya kulipa. Kwa mzazi aliyefikisha miaka 60 na asiye na uwezo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bila malipo, na utambuzi wake huanzia serikali ya kijiji au mtaa.

Aliyefanya kazi katika kampuni binafsi yenye bima ya kikundi yuko katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa bima hiyo huisha pamoja na ajira. Anayetaka kununua bima binafsi anunue akiwa bado na afya na kabla hajavuka umri wa mwisho wa kupokelewa. Asome ukomo wa malipo kwa mwaka, muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kulipa, na namna mkataba unavyoyachukulia magonjwa aliyokuwa nayo tangu awali, kisha ahakikishe kampuni ina leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Bei nafuu yenye kipengele kinachoondoa kisukari haimsaidii mwenye kisukari.

Fikiria pia mahali utakapoishi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za kibingwa, zikiwemo za upandikizaji wa figo, lakini anayerudi Bahi au Manyoni atategemea kwanza zahanati na kituo cha afya cha huko, kisha barua ya rufaa. Uliza kama vituo hivyo vinapokea kadi yako na kama dawa unazotumia zimo katika kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa na bima, ambacho hufanyiwa mabadiliko, kama ilivyokuwa Machi 2024.

Baada ya kupokea barua ya kustaafu, usingoje ugonjwa. Nenda na mwenza wako kwenye kituo kilicho karibu, mkaombe uhakiki wa kadi zote mbili, na ikiwa mojawapo haisomi, ipelekeni ofisi ya mfuko wiki hiyohiyo.