Kisima kizee cha mafuta baharini: jinsi ya kukirudisha kazini bila kubahatisha

Kisima kilikuwa kinatoa mapipa elfu kumi kwa siku, leo kinatoa mia tatu, na mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia mafuta yameisha. Mara nyingi sio kweli. Mafuta yapo ila yamekwama, na kazi yako ni kujua yamekwama wapi kabla hujakodi hata meli moja, maana baharini siku moja ya meli na vifaa inakula hela ambayo kisima kitahangaika miezi kuirudisha.

Angalia Forties, eneo la visima vya mafuta kule Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza. Kampuni ya BP waliigundua 1970, ikaanza kutoa 1975, na mwisho wa miaka ya sabini ilikuwa inatoa mapipa kama nusu milioni kwa siku. Ikashuka mpaka BP wakaiuza kwa kampuni ya Apache mwaka 2003. Wale wapya hawakuanza na miujiza, walikarabati mitambo ya juu iliyokuwa inazimazima, wakapiga upya picha za mitetemo ya ardhi na kuzilinganisha na za zamani kuona mafuta ambayo maji yaliyapita bila kuyasukuma yamebaki wapi, ndo wakachimba na kurekebisha visima kwa kufuata picha hizo. Miaka mingi baadaye Forties ilikuwa bado inatoa. Mpangilio huo ndo nataka uushike: juu kwanza, kisima pili, mwamba tatu.

Anza na data uliyonayo, haina gharama

Kusanya vipimo vyote vya kisima, yaani mafuta, maji, gesi, presha ya kichwani, presha ya kesingi (bomba la nje linaloshikilia kuta za kisima), uwazi wa choki (valvu ya kubana mtiririko), miaka yote iwe kwenye chati moja. Kisha hakikisha vipimo vyenyewe ni vya kweli, kwa sababu mita ya separeta ya majaribio, yaani mtambo unaotenganisha mafuta, maji na gesi, ikiwa imechoka inakudanganya kila siku na wewe unapanga kazi ya mamilioni juu ya uongo. Mita ipimwe, sampuli ya maji ichukuliwe kwa mkono, alafu ulinganishe.

Sasa isome hiyo chati. Mafuta na maji vimeshuka pamoja na presha ya chini imeshuka? Mwamba umechoka nguvu. Mafuta yameshuka ila jumla ya kimiminika iko palepale? Maji yameingia. Vyote vimeshuka ghafla ila ukifunga kisima presha inapanda vizuri tu? Hapo kuna kitu kimeziba, iwe kwenye matundu ya kesingi ambayo mafuta yanaingilia au kwenye tyubingi, bomba la ndani linalopandisha mafuta. Haya matatu yana dawa tatu tofauti kabisa, na kumwaga asidi kwenye kisima chenye tatizo la maji ni kuyafungulia maji mlango.

Usisahau juu. Platifomu ya zamani, yaani jukwaa la baharini linalobeba mitambo, ilijengwa kupokea mafuta mengi na maji kidogo, leo ni kinyume, kwa hiyo mtambo wa kusafisha maji ndo unajaa kwanza. Chukulia kisima A kinatoa mapipa 4,000 ya kimiminika na asilimia 95 ni maji, hapo unapata mafuta mapipa 200. Kisima B kinatoa 2,000 ila maji ni asilimia 80, hicho kinakupa 400, na kimebanwa choki kwa sababu mtambo umejaa maji ya A. Kumbana A na kumfungulia B ni kazi ya asubuhi moja. Inashangaza ni sehemu ngapi hili halifanywi kwa sababu tu kila kisima kina ratiba yake ya zamani na hakuna aliyekaa akavipanga pamoja.

Kabla hujagusa: usalama

Hapa siombi, nasisitiza. Visima vizee vina tyubingi zilizoliwa na kutu. Pima presha kwenye nafasi kati ya tyubingi na kesingi, iachie ishuke, funga, alafu angalia kama inapanda tena na kwa kasi gani. Ikipanda kuna kitu kinavuja na hicho kinatangulia mengine yote. Valvu ya usalama ya chini ya sakafu ya bahari nayo ijaribiwe. Na kibali cha kazi kiandikwe, kisomwe, kikabidhiwe zamu kwa zamu. Kwenye platifomu ya Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, mwaka 1988 watu 167 walikufa, na mwanzo wake ni pampu iliyowashwa wakati valvu yake ya usalama imetolewa kwa matengenezo na zamu iliyoingia haikuwa na habari hiyo.

Sisi wa huku Tanzania kutu tunaijua. Songo Songo ni gesi, sio mafuta, na kisima cha kwanza kilichimbwa 1974, gesi ikaanza kuja Dar 2004. Baadhi ya visima vyake vya majini ilibidi vifumuliwe na kubadilishwa tyubingi miaka ya 2015 na 2016 kwa sababu ya kutu. Kwa hiyo vijana mnaosoma mambo haya, somo hili sio la Wazungu peke yao.

Gesi lifti, ndo pesa ya haraka ilipo

Visima vingi vizee baharini vinanyanyuliwa kwa gesi, inashushwa kupitia kesingi, inaingia kwenye tyubingi kupitia valvu, inafanya kimiminika kiwe chepesi ili kiweze kupanda. Gesi inatakiwa iingie chini kabisa. Zile valvu za juu ni za kuanzishia tu, kisima kikishaamka zinatakiwa zifunge. Baada ya miaka valvu ya juu inaliwa au inakwama wazi, gesi inaingilia juu, kule chini kimiminika kinabaki kizito na kisima kinatoa nusu ya uwezo wake huku mita ya gesi inaonyesha kila kitu sawa.

Utajuaje? Shusha kipima joto na presha kwa waya, taratibu, simama juu kidogo na chini kidogo ya kila valvu. Gesi ikipita kwenye tundu dogo inatanuka na inapoa, kwa hiyo mstari wa joto unakuwa na kishimo cha ubaridi palepale inapoingilia. Ukiona kishimo kwenye valvu ya juu, umempata mwizi. Ukiona kishimo mahali ambapo hapana valvu kabisa, hiyo ni tyubingi imetoboka, rudi kwenye sehemu ya usalama. Dalili nyingine ya bure ni presha ya kesingi inayopanda na kushuka kama mtu anahema, kisima kinatema alafu kinatulia, hicho hakijatulizwa, kagua saizi ya tundu la valvu ya chini na kiasi cha gesi. Valvu yenyewe kama imekaa kwenye mfuko wa pembeni ya tyubingi inavutwa na kubadilishwa kwa waya bila kutoa tyubingi.

Na gesi zaidi sio mafuta zaidi. Ikipita kiasi msuguano unaongezeka na uzalishaji unashuka. Pima kila kisima kwa viwango kadhaa vya gesi, chora mstari, alafu gesi uliyonayo igawe pale ambapo ile ya nyongeza inaleta mafuta mengi zaidi, usigawe sawasawa ili kila kisima kiridhike.

Skeli

Ukidunga maji ya bahari kusukuma mafuta unaleta salfeti, maji ya mwambani yana bariamu, vikikutana vinaganda kuwa chumvi ngumu, hiyo ndo skeli, kama ule ukoko wa birika ila huu ni jiwe hasa. Shusha kifaa cha kupima upana wa tyubingi, kikirudi na mikwaruzo na vumbi jeupe chukua lile vumbi, dondoshea asidi. Likitoa povu ni kaboneti, asidi ya haidrokloriki yenye dawa ya kukinga kutu italiyeyusha. Likikaa kimya, inawezekana ni bariamu salfeti, thibitisha maabara, na hapo asidi haikusaidii, utahitaji kiyeyushi maalum kinacholowekwa masaa mengi au kusaga kwa koili tyubingi, bomba jembamba linaloviringishwa ambalo linashushwa ndani ya kisima. Angalizo, skeli ya bariamu inabeba radiamu, ipimwe mionzi, ishikwe ikiwa na unyevu, mtu asivute vumbi lake.

Kuondoa peke yake haitoshi, itarudi. Dawa ya kuzuia skeli inasukumwa mpaka ndani ya mwamba, kisima kinafungwa masaa 12 mpaka 24 ili ishike kwenye mawe, alafu inatoka kidogokidogo na maji kwa miezi. Pima kiasi chake kwenye maji yanayotoka, na urudie kabla hakijashuka chini ya kile kinachozuia. Ukisubiri mpaka uzalishaji ushuke umechelewa.

Maji, na mwamba wenyewe

Kabla ya kuziba maji shusha mita ya mtiririko ujue yanaingilia tundu lipi. Yakiwa yanatoka tabaka la chini, weka plagi (kizibo) juu yake, kazi nyepesi. Yakiwa katikati, ziba kwa kiraka au saruji. Yakiwa yanapanda nyuma ya kesingi ni saruji mbovu. Yakiwa yanavutwa kutoka chini kwa sababu unakivuta kisima kwa nguvu, punguza kasi kwanza uone.

Kama ni mwamba uliochoka, kisima kimoja hakiwezi kujitibu, ni suala la eneo zima. Kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, Norway, walitegemea kupata asilimia kama 17 tu ya mafuta, sakafu ya bahari ikawa inazama mpaka platifomu zikanyanyuliwa mita 6 mwaka 1987, na mwaka huohuo udungaji mkubwa wa maji ukaanza. Leo makadirio yanafika karibu asilimia 50.

Baada ya kila kazi pima kisima wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, andika kilichoongezeka na kilichotumika, maana nyongeza ya siku tatu sio nyongeza. Kisima ambacho dawa mbili sahihi zimeshindwa na matundu yote yanatoa maji, kipangie kuzibwa kabisa kwa saruji na nafasi yake kwenye platifomu itumike kuchimba tawi jipya kuelekea mafuta yaliyorukwa.