Somo: Kumchagua mlezi wa watoto wako kwenye wosia

Wengi wakiandika wosia hutaja nyumba na akaunti, suala la watoto wakaliachia ndugu. Ndugu wasipoelewana, mahakama itaamua watoto wakae na nani bila kujua wewe ulitaka nini.

Kwanza, andika majina mawili matatu. Usianze na mwenye fedha. Angalia watoto humkimbilia nani wenyewe, kama atawachukua wote bila kuwatenganisha, na umri wake: bibi anayewapenda mno anaweza kufika miaka 80 kabla mdogo hajamaliza shule.

Pili, muulize. Hatua hii wengi huiruka, nami naisisitiza kuliko zote. Aliyetajwa bila kujua anaweza kukataa, na kwa kawaida halazimishwi. Mpe nafasi ya kusema hapana bila kumwekea kinyongo. Ongea na mwenzi wake pia, maana mtoto anaingia kwenye nyumba ya watu wawili.

Tatu, taja mlezi wa akiba, yaani wa kuwachukua watoto wa kwanza akikataa au akishindwa.

Nne, ukiweza, tenganisha malezi na mali. Anayewalea si lazima ndiye ashike fedha zao. Mdhamini, yaani anayeshika fedha kwa niaba ya watoto, akiwa mtu mwingine, anatoa ada na matumizi, na hesabu inaonekana.

Tano, tumia majina kamili, weka saini mbele ya mashahidi kama sheria ya kwenu inavyotaka. Mrithi asiwe shahidi. Katika nchi nyingi, mrithi aliyeshuhudia wosia hupoteza alichoachiwa.

MASWALI

Tumeachana na baba yao. Naweza kumtaja dada yangu?
Unaweza, dada, ila mara nyingi mzazi aliye hai ndiye huendelea na watoto. Jina la dada yako litapata nguvu baba akiwa hayupo au mahakama ikiona hafai. Kama unahofia usalama wao, mwone wakili ukiwa na ushahidi.

Mahakama inaweza kumkataa niliyemchagua?
Ndiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 3, unataka maslahi ya mtoto yazingatiwe kwanza. Ibara ya 12 inampa haki ya kusikilizwa kulingana na umri na upevu wake. Ndiyo maana nashauri wanaojielewa uwaulize mapema.

Baba wa ubatizo si anatosha?
Ubatizo peke yake haumpi mamlaka ya kisheria. Kama ndiye unayemtaka, jina lake liwemo kwenye wosia.