Jinsi ya kuomba postidoki ya sayansi au dizaini: anza na mtu, tangazo baadaye

Postidoki ni kazi ya utafiti ya muda unayofanya baada ya PhD. Wengi wakishamaliza PhD wanakimbilia matangazo, wanatuma CV ileile sehemu arobaini halafu kimya, na inauma sana kuona mtu mwenye kazi nzuri anaishia hapo.

Kwanza jua nafasi ziko za aina mbili. Kuna ajira, yaani profesa keshapata hela ya mradi anatafuta mtu, hizi zinatangazwa kwenye tovuti kama EURAXESS, jobs.ac.uk, Nature Careers na kwenye kurasa za vyuo. Halafu kuna feloshipu, hapo hela unaiomba wewe kwa wazo lako, mfano Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya au Humboldt ya Ujerumani, na hizi zinataka uwe na mwenyeji, yaani profesa utakayefanya kazi kwake, aliyekubali kabla hujaomba.

Sasa toa cheti cha PhD uangalie tarehe, kabla hujaandika hata mstari mmoja. Humboldt kwa wanaoanza wanataka isizidi miaka 4 toka umemaliza. Marie Curie wao wanaangalia pia umeishi wapi: kwenye miezi 36 kabla ya dedilaini usiwe umekaa au kufanya kazi nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12, na watu wanaandika proposo (andiko la mradi) wiki na wiki ndio wanakuja kushtuka kwamba hawaruhusiwi.

Ikishakaa sawa, mwandikie mwenyeji, na hapa ndipo utulie kabisa. Ukianza na "nimevutiwa sana na utafiti wako" ujue umeshafutwa. Andika kitu kama hiki: "Kwenye pepa yenu vitambuzi (sensors) vilipoteza usahihi unyevu ulipopanda. Kwenye PhD yangu nilitengeneza kifuniko kinachopunguza hilo tatizo, naomba tuandike feloshipu pamoja." Sentensi mbili tu na ameshaona umesoma na una cha kuleta. Tuma miezi mitano sita kabla ya dedilaini, wiki mbili zikipita mkumbushe mara moja, akinyamaza nenda kwa mwingine.

Watu wa dizaini, potfolio yenu isiwe albamu ya picha nzuri. Miradi mitatu inatosha, ila kila mmoja uanze na swali la utafiti, uonyeshe prototaipu (mfano wa majaribio) iliyofeli, mtumiaji alikwama wapi na ukabadilisha nini. Hiyo iliyofeli msiifiche jamani, ndiyo inaonyesha mnavyofikiri!

Wanaokuandikia barua za mapendekezo wape mwezi mzima, pamoja na tangazo na CV mpya.

Kwenye kupakia maombi, heshimu idadi ya kurasa. Marie Curie sehemu ya B1, yaani maelezo yenyewe ya mradi, ni kurasa 10, zinazozidi wasahihishaji hawazioni kabisa, kwa hiyo ukiweka ratiba ya kazi ukurasa wa 11 ni kama hukuandika.

Ukipewa ofa, kabla ya kusaini uliza ni mkataba wa ajira au ni posho, maana bima ya afya na pensheni vinategemea hapo, na uliza hela ya maabara au vifaa inatoka kwa nani.