Namna ya Kupima Kama Myeyusho Unapitisha Umeme

Andaa betri ya volti 9, taa ndogo ya LED, kikinzani cha omu 470, nyaya, na penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili, kwa kuwa risasi ya penseli ina grafiti, ambayo hupitisha umeme wala haiyeyuki majini. Unganisha ncha chanya ya betri na kikinzani, kisha mguu mrefu wa taa. Mguu mfupi uende kwenye penseli ya kwanza, na penseli ya pili irudi kwenye ncha hasi. Gusanisha risasi za penseli hizo: taa isipowaka, kagua maungio. Kamwe usitumie umeme wa soketi, kwa maana unaua.

Chomeka penseli katika chumvi kavu, taa haitawaka. Zitie katika maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yanayopatikana kwa kupoza mvuke, haitawaka pia. Sasa koroga chumvi hiyo ndani ya maji hayo, nayo taa itang'aa.

Naomba mwalimu asipite hapa kwa haraka, kwa sababu wanafunzi wengi huondoka wakiamini kuwa ni maji yanayopitisha umeme. Chumvi imeundwa kwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za kloridi zenye chaji hasi, ambazo katika fuwele zimeshikana zisiweze kuhama. Maji huzitenganisha, zile chanya zikaelekea elektrodi hasi (penseli iliyo upande wa ncha hasi ya betri) na zile hasi zikaelekea elektrodi chanya (penseli ile nyingine), na mwendo huo ndio mkondo wa umeme ndani ya myeyusho. Ndiyo maana hata chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 801 za Selsiasi, bila tone la maji, hupitisha umeme. Svante Arrhenius wa Sweden alipotetea mawazo ya namna hii katika tasnifu yake ya mwaka 1884, alipewa alama ya chini. Mwaka 1903 alitunukiwa Nobel ya Kemia.

Suuza penseli kwa maji yaliyokenekwa kabla ya kila kipimo. Maji ya sukari hayataiwasha taa, kwani molekuli za sukari huyeyuka zikiwa nzima, bila chaji. Siki itaiwasha kwa ufifi, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya asidi yake inayogawanyika kuwa ioni.

Katika maji ya chumvi utaona viputo: haidrojeni kwenye penseli hasi, na kwenye chanya klorini, ambayo ni sumu. Fungua madirisha, na uzitoe penseli mara tu unapomaliza kuangalia taa.