Unataka kufinyanga? Anza na mikono, gurudumu lisubiri

Watu wengi wakipata hamu ya ufinyanzi swali la kwanza ni gurudumu la kufinyangia bei gani na tanuri la umeme linapatikana wapi, wakitajiwa bei wanaachana na habari hiyo kabisa. Jamani, hivyo vyote sio vya kuanzia. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, kwangu mimi ndo mfinyanzi wa studio mkubwa kuliko wote waliotoka huku kwetu, na mitungi yake anaijenga kwa mkono, hiyo hiyo inayokaa kwenye makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani. Alienda Uingereza 1971 kusoma sanaa, udongo ukamvuta, mwaka 1974 akaenda Abuja ya zamani kule Nigeria (siku hizi mji huo unaitwa Suleja) kwenye kituo cha ufinyanzi alichoanzisha Mwingereza Michael Cardew, na pale akajifunza kujenga chungu kwa mkono kutoka kwa akina mama, mmoja wao Ladi Kwali ambaye sura yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Ladi Kwali naye alijifunza utotoni, kijijini kwao, kwa wanawake wa familia. Kwa hiyo ukifuatilia hiyo kazi ya makumbusho unaishia uani kwa mama fulani.

Basi na wewe anzia huko, tafuta mama anayefinyanga karibu na kwenu. Kwa Tanzania wanaojulikana sana ni Wakisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa, vyungu vyao vinauzwa mnadani Lyulilo karibu na Matema. Kenya, upande wa Wajaluo, wanawake wengi wameanza kazi hii baada ya kuolewa, wanafundishwa na mama mkwe, ndo maana vyungu vya eneo moja vinafanana. Ukifika usitangulize simu na kupiga picha. Toa shikamoo, kaa, omba upewe udongo uukande, na wakati mnakanda muulize nani alimfundisha, udongo anachimba wapi, kwa nini mdomo wa chungu anaukunja hivyo. Nunua kitu kabla hujaondoka, na kwa bei yake, usimbane mtu anayekupa ujuzi wa maisha yake.

Udongo wako upime hivi: sokota kipande chembamba kama penseli, kizungushie kidoleni. Kikipasuka pasuka hauna mnato wa kutosha, kikijikunja bila nyufa unafaa. Toa mawe yote, hasa vile vipunje vyeupe vya chokaa manake chungu kinaweza kutoka motoni kizima alafu siku za mbele chokaa ikanyonya unyevu, ikavimba na kubandua ukuta. Changanya na mchanga laini au vigae vya chungu kilichovunjika uvitwange, hivyo vinasaidia moto usikipasue. Kanda mpaka hewa itoke, ufunike na nailoni siku kadhaa.

Kujenga sasa. Kitako kitengeneze ndani ya bakuli au kigae kikubwa, alafu sokota misongo, yaani kamba za udongo, minene kama kidole gumba, panga mmoja juu ya mwingine, kila unapounga kwaruza kwanza na upake urojo wa udongo, kisha bana kwa vidole mpaka mstari upotee ndani na nje. Usikimbilie juu! Ukijenga kidogo acha ukuta ukaze ndo uendelee, la sivyo tumbo linalala chini. Ladi Kwali alikuwa anakizunguka chungu chake kwa miguu, chungu kimetulia yeye ndo anazunguka, jaribu hivyo utaona jicho linavyokamata upande uliopinda. Komba na kipande cha kibuyu au gunzi la mahindi.

Kuhusu umbo, usinakili picha za mtandaoni. Odundo umbo lake linatoka kwenye mwili wa mtu, shingo, tumbo, mgongo, na mwaka 2019 kwenye maonyesho yake pale Hepworth Wakefield, jumba la sanaa huko Uingereza, mitungi yake iliwekwa pamoja na vitu vya zamani na sanaa za watu wengine zilizomgusa, ukiangalia unaona kabisa wazo limetoka wapi. Na wewe shika daftari, chora mabega ya bibi yako, mtungi wa maji wa nyumbani, kilemba cha harusini, chora hicho hicho mara nyingi mpaka mkono ukizoee.

Chungu kikikauka nusu, bado kina ubaridi lakini hakibonyei, kisugue kwa kokoto laini ya mtoni, taratibu, mpaka king'ae. Hapa ndo uzuri ulipo, na ndo panapochosha. Baada ya hapo kivulini wiki moja au mbili.

Kuchoma ndo kunawaangusha wengi. Unyevu ukibaki ndani ya ukuta, joto likipita nyuzi 100 unageuka mvuke na chungu kinalipuka, kwa hiyo kwanza kipashe moto pembeni mpaka kiwe cha moto kote. Alafu panga kuni chini, vyungu juu, funika na samadi kavu na majani makavu, washa. Moto wa wazi hivi unafika kama nyuzi 600 mpaka 900, udongo unakuwa kigae hauyeyuki tena kwenye maji. Kikipata hewa kinatoka chekundu, ukitaka cheusi kikiwa bado kina moto kizike kwenye maranda ufunike hewa isiingie, moshi unaingia kwenye udongo.

Kama ni cha kupikia, kabla ya matumizi chemshia uji mzito ndani yake kwa moto mdogo, wanga unaziba vitundu. Kiache kipoe chenyewe, usikimwagie maji ya baridi kikiwa cha moto.