Mshipa wa mguu kwa mjamzito: kuutambua, kuutuliza, na maswali yenu

Shoga zangu, hili ndilo somo mliloliomba: maumivu yanayoanzia kiunoni au takoni, yakateremka nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi, pengine mpaka vidoleni, na mguu ukawaka kama umepigwa shoti au ukafa ganzi. Mtaani twasema mshipa wa mguu umekamata. Kliniki wataandika siatika.

Mshipa huo ni neva, tena ndiyo nene kuliko neva zote mwilini. Mizizi yake hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ikapita ndani ya tako chini ya msuli uitwao pirifomisi, kisha ikashuka na mguu. Ikibanwa juu, waweza kusikia uchungu chini, ndiyo maana watu husugua kigimbi usiku kucha na hakuna nafuu.

Mimba inaingiaje hapo? Homoni ya relaksini hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Viungo vikilegea, misuli ya matako hukaza ili ikushikilie. Tumbo nalo lavuta mbele na kiuno chapinda. Wengi husema "mtoto amekalia mshipa". Miezi ya mwisho kichwa chake chaweza kuongeza mgandamizo, lakini mara nyingi tatizo ni misuli na viungo. Kisahani cha uti wa mgongo kutokeza hutokea kwa wajawazito, ila ni nadra.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mshipa kweli. Hapa ndipo wengi hupotea. Maumivu yakikaa juu ya matako au kwenye kinena, yakazidi ukijigeuza kitandani, ukipanda ngazi au ukisimama mguu mmoja kuvaa chupi, na hayavuki goti, hayo huwa ni maumivu ya viungo vya nyonga, si ya mshipa. Ya neva kwa kawaida huvuka goti, tena huja na ganzi au kuchomachoma. Mwenye nyonga aepuke kupanua miguu: akiingia tuktuk, atangulize kukaa, kisha ageuze miguu yote miwili pamoja. Huyo akifanya mazoezi ya kujinyoosha aliyoyaona kwenye simu, aweza kujizidishia.

Hatua ya 2: Angalia unavyokaa kutwa. Nitasema wazi: adui mkubwa jikoni kwetu ni mbuzi ya kukunia nazi. Unakaa chini, magoti yamepita kiuno, miguu imepanuka, mgongo umeinama, na mikono yasukuma. Mpe mwengine akune, au nunua iliyokunwa kwa mashine sokoni. Wifi akinung'unika kwamba tui halina ladha, mkabidhi mbuzi. Beseni la kufulia liweke juu ya stuli. Fagio la makuti lifungiwe mpini mrefu. Kwenye matatu, kaa mbele, usikubali kiti cha nyuma kabisa kinachorusha kila tuta. Kwenye feri ya Likoni omba kukaa, usione haya.

Hatua ya 3: Lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, mto ukiwa katikati ya miguu kuanzia magotini mpaka vifundoni. Kuanzia wiki ya 28 usianze usingizi kwa kulala chali. Kuamka: bana magoti, jigeuze ubavu, sukuma kwa mikono.

Hatua ya 4: Jinyooshe polepole. Kaa kwenye kiti, weka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, mgongo wima, inama mbele kidogo tu. Shikilia sekunde 30, rudia mara tatu. Uchungu ukishuka mguuni, acha. La pili: piga magoti, mikono sakafuni, inua mgongo juu kisha urudishe usawa, bila kuuacha ubonyee. Na sisi tuna bahari bure! Kutembea ndani ya maji ya kiunoni hadi kifuani hupunguza uzito kwenye nyonga. Nenda siku imetulia, na mtu wa kukushika, na viatu vya mpira kwa ajili ya miba.

Hatua ya 5: Joto na leso. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, dakika 15, kiunoni au takoni, si tumboni. Leso ikunje, uifunge chini ya tumbo kuzunguka nyonga, chini zaidi ya kibwebwe cha ngoma. Ukilala, ifungue.

Dawa: parasetamoli ndiyo inayotumika zaidi, kwa kipimo utakachoambiwa kliniki. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie. Kuanzia wiki ya 20 zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Ile "sindano ya maumivu" ya kemisti mara nyingi huwa diklofenaki, kwa hivyo uliza jina kabla hujachomwa.

Kimbilia hospitali ukifa ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, mkojo au choo kikikutoka bila kujua au kikikataa kutoka, wayo ukishindwa kuinuka, au maumivu yakiandamana na damu, homa, au uchungu wa kuja na kuondoka.

MASWALI

Mama wa Kisauni: Mkunga wa mtaani ataka kunikanda tumbo amsogeze mtoto. Nikubali?

Hapana, mamangu. Kusukuma tumbo kwaweza kubandua kondo la nyuma. Akukande kiuno na matako kwa mafuta ya nazi, taratibu, umelala ubavu.

Dada wa Likoni: Nikiswali, kuinuka kutoka sijida kwaniua.

Sijida yenyewe haina ubaya, kazi ni kushuka na kuinuka. Mwenye udhuru ameruhusiwa kuswali kwenye kiti. Namna ya kuinamia rukuu na sijida muulize ustadhi.

Mtarajiwa, wiki 33: Nitazaa kawaida kweli?

Mshipa peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mwambie mkunga mapema, na uombe kuzaa kwa kulala ubavu. Wengi hupata nafuu wiki au miezi michache baada ya kujifungua. Ukiendelea, uombe rufaa ya fiziotherapia.

Mama wa Changamwe: Na bodaboda?

La.

Dada wa Majengo: Mguu wangu mmoja umevimba kigimbini, una joto, na ukiguswa wauma. Niukande?

Usiukande hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa wa damu, na ikichomoka hufika mapafuni. Usingoje tarehe ya kliniki. Chukua kitabu chako, nenda hospitali sasa hivi.